Delila wa Duck: Bahari Ilipozikataa Hesabu

Wazee wa pwani walisema bahari haishi zinge. Leo shwari kama kioo, kesho imechafuka, na aliyelala akiamini maji ya jana huamka hana ngalawa. Mvuvi anaijua bahari kwa mwili wake: kwa uzito wa kafi mkononi, kwa ubaridi wa upepo shingoni, kwa rangi ya maji juu ya mwamba. Lakini tangu miaka ya 1940 wametokea watu wa namna nyingine wanaotaka kuijua kwa kalamu na karatasi, na baadaye kwa kompyuta. Wanataka kukaa ofisini, mbali na chumvi, na kusema: kesho saa nne asubuhi, wimbi litakuwa na kimo hiki, na maji ya ufukweni yatakwenda upande ule kwa kasi hii.

Je, wanaweza? Na wakisema wanaweza, nani awaamini? Hayo ndiyo ninayotaka tuyatazame, ndugu msomaji. Usiogope, sitakuletea hesabu hata moja. Mimi nimeishia kidato cha nne, na ndoto yangu ni kuandika riwaya, si kujenga bandari. Kilichonivuta katika jambo hili ni kisa chenyewe. Watu walitunga maelezo mazuri kuhusu bahari, maelezo yakakubalika kila mahali, kisha bahari ikaitwa kutoa ushahidi, nayo ikayakana mbele ya watu wote.

MODELI NI KITU GANI

Kwanza tuelewane juu ya neno. Modeli ya kompyuta ya mawimbi si picha wala sanamu. Ni rundo la kanuni za fizikia zilizoandikwa kwa namna ambayo mashine inaweza kuzikokotoa. Unaipa mashine umbo la sakafu ya bahari, upepo, na mawimbi yanayotoka kilindini. Yenyewe inaigawa bahari vipande vipande kama mtu anayekata mkate wa kumimina, na katika kila kipande inajiuliza: kimeingia nini, kimetoka nini, kimepotea nini? Mwisho inakupa majibu.

Tatizo, bwana, ni kwamba mashine haikosi jibu. Ukiipa uongo itakujibu kwa uongo, na uongo huo utatoka umepangwa vizuri katika jedwali lenye tarakimu nyingi. Ndiyo maana katika fani hii swali la kwanza ni modeli imepimwa wapi, na imepimwa kwa maji gani. Maelezo yake kuwa mazuri ni jambo la baadaye.

VITA NDIVYO VILIVYOANZA

Elimu ya kutabiri mawimbi kwa njia hii haikuanzishwa na wapenda ufukwe. Ilianzishwa na vita. Mnamo 1942 majeshi ya Marekani na Uingereza yalikuwa yanajiandaa kushusha askari katika fukwe za Afrika ya Kaskazini. Vyombo vya kushushia askari vilikuwa bapa na vifupi, na wimbi likizidi kidogo tu, chombo hugeuka ubavu na watu humwagika na mizigo yao. Kijana mmoja mzaliwa wa Vienna, Walter Munk, ambaye mwaka huo alitimiza miaka ishirini na mitano, aliliona tatizo hilo. Yeye na mwalimu wake Harald Sverdrup, Mnorwei aliyekuwa mkuu wa Taasisi ya Scripps huko California, wakatunga njia ya kukadiria kimo cha mawimbi kutokana na nguvu ya upepo, muda uliovuma, na umbali uliovuma juu ya maji.

Hapo ndipo kilipoingia kipimo ambacho mabaharia wa dunia nzima wanakitumia hadi leo: unachukua theluthi moja ya mawimbi, yale makubwa kuliko mengine, unatafuta wastani wa vimo vyake. Kipimo hiki kinakaribiana na kile ambacho baharia mzoefu husema akikadiria kwa macho. Nalipenda sana jambo hili. Wataalamu waliamua kuliheshimu jicho la baharia badala ya kulicheka.

Maofisa wakafundishwa njia hiyo, na ilitumika katika kuandaa uvamizi wa Normandy. Siku iliyokuwa imepangwa ilikuwa 5 Juni 1944. Mtabiri mkuu wa hali ya hewa, James Stagg, akamshauri Jenerali Eisenhower aahirishe. Wakashuka tarehe 6. Bahari ilikuwa bado imechafuka, wengi walitapika njiani, na wapo waliozama kabla ya kugusa mchanga. Hata hivyo ilipitika. Hivyo ndivyo utabiri wa mawimbi ulivyofanyiwa mtihani wake mkubwa wa mwanzo, na karatasi ya mtihani ilikuwa miili ya vijana wa umri wangu.

MSUKUMO USIOONEKANA

Kujua kimo cha wimbi ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni mkondo. Ukisimama kwenye maji ya kiunoni siku ya kusi, utahisi maji yanakusukuma kando, na ukitoka unajikuta mbali na pale ulipoweka nguo zako. Nguvu hiyo inatoka wapi?

Jibu lililokubalika lilitolewa na Mwingereza Michael Longuet-Higgins na Mkanada Robert Stewart, katika maandishi yao ya miaka ya 1960. Walionyesha kwamba wimbi linabeba msukumo pamoja na nishati. Likiwa kilindini halina wa kumwachia. Linapofika penye maji haba na kuvunjika, msukumo ule hauwezi kupotea hivi hivi, unaachwa kwenye maji. Wimbi likija mshazari, maji yanasukumwa kando ya pwani. Kufikia 1970 hesabu ya mkondo huo ilikuwa imekamilika kiasi cha kuingizwa katika mashine.

Ikapimwa? Naam, ikapimwa. Mnamo 1978 wataalamu wa Marekani walitega vipima mkondo katika ufukwe wa Torrey Pines, California, na mnamo 1980 huko Santa Barbara. Edward Thornton na Robert Guza walipolinganisha hesabu na vipimo vya Santa Barbara, vikapatana vizuri. Furaha ikawa kubwa. Lakini angalia, msomaji: fukwe zile zilikuwa na mteremko wa taratibu, laini, usio na vikwazo. Ni kama mwanafunzi aliyepewa mtihani wa swali lile lile alilofundishwa jana.

BATA NA DELILA

Upande wa pili wa Marekani, katika jimbo la North Carolina, kuna kijiji kinaitwa Duck, yaani bata. Huko jeshi la uhandisi la Marekani lilianzisha kituo cha utafiti mnamo 1977. Kituo kina gati lenye urefu wa mita 561 linaloingia moja kwa moja katika Bahari ya Atlantiki. Kina pia kioja kimoja: gari la miguu mitatu, refu zaidi ya mita 10, lenye magurudumu chini na dereva juu kabisa. Gari hilo hutembea ndani ya mawimbi kupima umbo la sakafu ya bahari. Ukiliona kwa mbali unaweza kudhani ni zimwi limetoka kuvua.

Ufukwe wa Duck haufanani na ule wa Santa Barbara. Mbele yake, chini ya maji, kuna fungu la mchanga linalokwenda sambamba na pwani. Kati ya fungu na nchi kavu kuna bonde la maji marefu kidogo. Fukwe nyingi za dunia ziko hivyo.

Majaribio yalifanyika pale mmoja baada ya mwingine. La 1986 lilileta kizaazaa cha kwanza. Katika vipimo vyake Joan Oltman-Shay na wenzake waliona mkondo unayumba taratibu, kwa dakika moja na nusu, mbili, au zaidi, kama nyoka anayepita mchangani. Myumbo huo ulikuwa mfupi mno kuitwa wimbi la kawaida la polepole. Katika mwaka wa 1989 maelezo yakatoka, nadharia ikiandikwa na Anthony Bowen na Rob Holman: mkondo wenyewe ukienda kasi karibu na maji yaliyotulia hupoteza utulivu na kuanza kujikunja. Modeli za awali hazikuwa na habari hiyo. Zilikuwa zimechora mkondo ulionyooka kama reli.

Kisha ukaja Oktoba 1990. Jaribio la safari hii liliitwa DELILAH, jina lililofinyangwa kutokana na herufi za jina refu la Kiingereza. Sijui kama waliolipa jina hilo walifikiri sana juu ya yule Delila aliyemnyoa Samsoni, lakini kilichotokea kilifanana. Nguvu za shujaa zilikatwa.

Sikiliza ilivyokuwa. Hesabu ilisema hivi: mawimbi yakifika juu ya fungu yatavunjika, yataacha msukumo pale, kwa hiyo mkondo utakuwa mkali juu ya fungu. Yakishaingia bondeni, maji ni marefu, mawimbi yanaacha kuvunjika, kwa hiyo mkondo utapoa. Yakifika ukingoni mwa nchi yatavunjika tena, mkondo utakaza tena. Vilele viwili, na katikati utulivu. Maelezo safi, hayana kasoro, hata mimi niliyeishia kidato cha nne nayaelewa.

Vipima mkondo vikasema: hapana. Mkondo mkali kuliko wote, uliofikia mita 1 kwa sekunde, ulikuwa bondeni. Pale pale ambapo hesabu ilisema patakuwa shwari.

Hebu fikiri. Mtu angeiamini ile hesabu, angemwambia mwanawe aogelee bondeni, ndani ya fungu, kwa kuwa maji yake hayana povu na yanaonekana yametulia. Kumbe ndiko kwenye mshipa.

POVU LINALOCHELEWA

Sasa hapa ndipo ninapowasifu watu hawa. Kulikuwa na njia rahisi ya kutoroka. Kila modeli ina vifundo vya kukazia na kulegeza, kwa mfano kiasi cha msuguano wa sakafu. Ukivizungusha vya kutosha unaweza kuilazimisha modeli ifanane na vipimo vya siku moja, ukapiga makofi, ukaenda nyumbani. Lakini kesho upepo ukigeuka, aibu itakurudia. Modeli iliyolazimishwa ni sawa na shahidi aliyefundishwa la kusema: anajibu swali moja tu.

Badala yake wakauliza: ni kitu gani tumekisahau? Jibu moja lilikuwa mbele ya macho ya kila mtoto wa pwani. Povu. Wimbi likivunjika halimwagi mzigo wake palepale. Lile povu jeupe hupanda mgongoni mwa wimbi na kuviringika nalo kuelekea nchi kavu, na msukumo umo ndani yake. Mdenmark Ib Svendsen alikuwa ameshaandika mwaka 1984 kuhusu povu linaloviringika. Ukiliingiza katika hesabu, msukumo unachelewa: wimbi linavunjika juu ya fungu, lakini mzigo unashushwa mbele zaidi, kuelekea bondeni. Mwaka 1997 Ad Reniers na Jurjen Battjes wa Uholanzi walichapa majaribio ya mkondo huo katika birika la maabara, na povu likathibitika kuwa na kazi.

Jibu la pili lilikuwa sakafu yenyewe. Fungu halinyooki kama rula. Pana mahali limepanda, mahali limekatika. Mawimbi yakivunjika zaidi upande mmoja, maji hujaa upande huo na kushuka kwenda mwingine, na mteremko huo mdogo wa maji unasukuma bonde lote. Hesabu ya zamani ilikuwa imedhani pwani yote ni sawa kutoka mwanzo hadi mwisho, eti kwa sababu hivyo ni rahisi kukokotoa.

Mwaka 2001 kundi lililoongozwa na Gerben Ruessink lilichukua modeli yenye povu ndani yake na kuipima mara mbili, katika pwani mbili tofauti: Duck, kwa vipimo vya mwaka 1994, na Egmond kule Uholanzi. Penye sakafu iliyolingana kando ya pwani, modeli ilifanya vizuri. Penye sakafu iliyobadilika sana, ilipotoka. Huo ndio mtihani wa kweli. Ulionyesha modeli inapoweza, na pia mpaka wake uko wapi.

Waholanzi wana sababu ya kutofanya masihara. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari 1953 Bahari ya Kaskazini ilivunja kingo zao na kuua watu 1,836 nchini mwao. Ndiyo maana modeli ya mawimbi iliyoundwa katika Chuo Kikuu cha Delft iitwayo SWAN ilipotangazwa rasmi mwaka 1999, ilitangazwa kwa makala mawili: la kwanza linaeleza kanuni, la pili linaeleza vipimo vya baharini iliyojaribiwa navyo, kikiwemo kinywa cha bahari cha Haringvliet. Swan kwa Kiingereza ni ndege wa jamii ya bata, mwenye shingo ndefu. Kwa hiyo bata mmoja ametoa vipimo Marekani, na ndugu yake ametoa hesabu Uholanzi.

FUNGU LINALOREJEA NYUMBANI

Kisa cha Duck hakikuishia kwenye mkondo. Vipimo vya 1994 vilileta swali la mchanga. Siku za tufani fungu lilihamia kilindini, na modeli zikalifuata vizuri. Tufani ilipotulia, fungu lilianza kurudi polepole kuelekea pwani, na modeli zikabaki zimeduwaa. Zilijua kuondoka, hazikujua kurudi.

Ilichukua karibu miaka kumi. Mwaka 2003 Fernanda Hoefel na Steve Elgar walionyesha katika jarida la Science kwamba ufumbuzi umo katika umbo la wimbi. Wimbi linalokaribia kuvunjika huinama mbele. Uso wake ni mwinuko mkali na mgongo wake ni mteremko wa taratibu. Maji chini yake hupigwa ghafla kuelekea nchi kavu, na mpigo huo wa ghafla huuamsha mchanga na kuusogeza. Walipouingiza mpigo huo, fungu la kwenye kompyuta nalo likajua njia ya kurudi nyumbani. Tazama hapo: vipimo vilikusanywa 1994, vikajibu swali 2003. Ushahidi uliotunzwa vizuri hauozi. Hata vile vya DELILAH vimeendelea kutumika kupima modeli zilizozaliwa baadaye.

MTU ANAPOVUTWA NA MAJI

Labda utasema, hayo ya mchanga yananihusu nini? Basi tuseme ya roho za watu. Kuna mkondo unaopenya kati ya mafungu na kurudi baharini, ambao huwaua waogeleaji kila mwaka duniani kote. Picha iliyozoeleka ilikuwa ya mto unaotoka moja kwa moja hadi nje ya mawimbi, na ushauri ulikuwa mmoja: ogelea kando, sambamba na pwani.

Mwaka 2010 Jamie MacMahan na wenzake walichapa matokeo ya kuelea. Walitupa maboya yenye vifaa vya setilaiti katika fukwe za Marekani, Ufaransa na Uingereza, wakayafuatilia. Mengi hayakwenda kilindini. Yalizunguka kama maji ndani ya sufuria inayokorogwa na kurudi penye maji haba. Wengine wakaruka kusema: kumbe mtu aelee tu, atarudishwa! Lakini majaribio yaliyofuata, pamoja na ya Australia ambako watu wenyewe waliingia majini, yalionyesha hakuna dawa moja. Kuna siku maji yanazunguka, kuna siku yanatoka moja kwa moja. Kuogelea kando upande usiofaa kunaweza kukukutanisha na maji yanayokupinga. Ushauri wenye busara umekuwa: usihangaike ukachoka, elea, ita msaada, na tazama maji yanakupeleka wapi.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo hili zima. Maelezo ambayo hayajapimwa yakiingia kwenye ubao wa matangazo ufukweni, mtu anaweza kufa akiwa anayatii.

NA SISI JE?

Pwani yetu ya Afrika ya Mashariki si Duck. Kwetu mawimbi mengi huvunjika mbali, kwenye mwamba wa matumbawe, kisha maji hupanda juu ya mwamba na kutafuta mlango wa kutokea. Wazee walisema penye mawimbi na milango ipo, nao hawakuwa wanacheza na maneno. Kwetu pia kuna bamvua, maji yanapojaa na kukupwa kwa kiasi kikubwa, kiasi kwamba ufukwe wa asubuhi si wa jioni. Kusi husukuma mchanga upande mmoja, kaskazi huurudisha. Huko Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam, bahari imeula ufukwe kwa miaka mingi, na hoteli zimejenga kuta na vizuizi vya mawe kujihami. Kizuizi kikizuia mchanga hapa, jirani wa mbele anaukosa. Hiyo ni hesabu ambayo hata mvuvi asiyejua kusoma anaijua.

Siku hizi mtu yeyote mwenye kompyuta anaweza kupata SWAN bure. Anaweza kuiletea ramani ya pwani yetu na ikamtolea picha za rangi nzuri sana. Mimi nasema: tuzipokee, lakini tuulize yale maswali ya Oktoba 1990. Nani ametega kipima mkondo hapa? Wakati wa kusi au wa kaskazi? Maji yakiwa bamvua au maji mafu? Na mvuvi anayepita mlango ule kila alfajiri ameulizwa?

Najua wapo watakaosema kijana wa riwaya ameingilia mambo ya wahandisi. Sawa. Lakini kazi zetu ni ndugu. Mimi nikitunga mhusika, napaswa kumpeleka mtaani nione kama watu wanaongea vile. Akikataa kusimama, si mtaa wenye makosa. Wale watu wa Duck hawakuulaumu mtaa. Walirudi mezani, wakatazama povu ambalo kila mtu alikuwa akiliona na hakuna aliyelihesabu.

Wazee wa majahazi walituachia onyo: usisafirie nyota ya mwenzio. Nyota ya Duck imepimwa Duck. Yetu inatungoja tuipime, na wa kuipima ni vijana wanaosoma ukurasa huu, wale waliopenda hesabu zaidi kuliko mimi.